Dawa ya Kumharisha Kaka

Wagonjwa walimwita muuguzi wao Dada Choo, naye akaitika. Angefanyaje? Kila asubuhi aliingia wadi ya magonjwa ya tumbo na ini akiuliza kitanda hadi kitanda, tena kwa sauti ya sokoni: "Umepata choo? Mara ngapi? Cheusi au cha kawaida?" Wanaume wazima, mabosi huko makazini kwao, walijifunika shuka kwa aibu. "Funika tu uso," aliwaambia, "mimi sina kazi na uso wako." Wadi nzima ilicheka, hata wale waliojaa maji tumboni mpaka kucheka kukawauma.

Ila alipofika kitanda cha dirishani, utani ulimwishia. Pale alilala kaka yake, kifungua mimba wa mama yao, macho manjano, miguu imevimba, mbavu zinahesabika. Ini lilikuwa limekwisha. Daktari hakuficha, na muuguzi huyu hakuhitaji kuambiwa. Alikwishawafumba macho wengi wa namna hiyo. Hakuomba kaka apone. Aliomba jambo moja tu: akili yake ikae sawa mpaka Jumamosi, binti yake wa pekee afike kutoka mbali, waagane wakijuana.

Na hilo liliwezekana, kwa dawa moja ya maji, tamu mpaka inachefua. Ini likishindwa kazi, sumu ya tumboni hupanda kichwani, mtu akaanza kupayuka, kisha akalala moja kwa moja. Dawa ile humharisha mgonjwa, na sumu ikatoka pamoja na choo. Kaka akinywa, alijichafua kweli, lakini alimjua kila mtu. Tena alitania: "Kumbe ulisomeshwa miaka yote ile uje unifulie mashuka!"

"Nyamaza, kunywa," alimjibu, kisha akaenda kulia kwenye chumba cha mabeseni.

Alhamisi mkuu wa wadi alimtazama akasema, "Nenda ukalale, kabla hatujakulaza wewe." Basi muuguzi akamkabidhi mama yake chupa na kikombe cha kupimia. "Asubuhi, mchana na jioni, mama. Usiache." Mama akasema, sawa mwanangu. Na wauguzi wenzake nao wakakiacha kitanda kile. Si mama wa Dada Choo yupo? Atakosea nini?

Jumamosi alirudi mapema. Loo, mama alikuwa amejitahidi! Kaka amenyolewa ndevu, kavalishwa shati lililopigwa pasi, shuka linanukia sabuni. Muuguzi alimshika bega. "Kaka." Kimya. Akambana ukucha kwa nguvu, kama wafanyavyo kwa wasioamka. Aliguna tu. Pumzi yake ilikuwa na ile harufu tamu, iliyooza, ambayo wadini kila muuguzi anaijua.

"Mama, dawa alikunywa?"

Mama alitabasamu, amechoka hoi. "Niliacha ulipoondoka tu. Ilikuwa inamdhalilisha mno mwanangu. Mtoto atoke kote huko aje amkute baba yake kwenye kinyesi? Hapana bwana. Tangu jana hajajichafua hata kidogo. Amelala vizuri."

Muuguzi alimwita daktari, wakampitishia kaka dawa kwa mpira wa puani, wakamwekea nyingine kwa nyuma, wakangoja. Wapi! Hasira ilimpanda, ulimi ukamwasha kumwambia mama: umemuua. Kisha akaiona mikono ya mama, imechubuka kwa kufua. Jamani, ndugu wa wagonjwa wa watu aliwaeleza kila siku kwa nini dawa ile lazima iharishe. Ila kwa mama yake mzazi aliacha kikombe tu, bila maelezo, akaenda kulala. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mchana binti alifika, begi bado begani. Alisimama miguuni pa kitanda, akaogopa kusogea.

"Mwite kwa nguvu, mjukuu wangu," bibi alimwambia. "Usingizi tu huo."

"Baba? Baba, nimefika." Akangoja, kisha akageuka. "Shangazi, ananisikia?"

Muuguzi alimtazama kaka yake, halafu akamtazama mama, aliyekuwa akinyoosha kola ya lile shati.

"Anakusikia," alisema.

Binti akavuta kiti, akamshika baba mkono, akaanza kumsimulia safari yake, na bibi akawa anaitikia kwa niaba ya mwanawe.