Nilivyoiosha Flashi ya Fundi

Laptopu ile ilikuja nyumbani kwetu Kilosa ikiwa mpya, na nailoni yake juu, lakini ndani ilikuwa imeshajaa watu. Siwezi kusema vingine. Mjukuu wangu wa kike akiiwasha, wa kwanza anamkaribisha. Wa pili anamtaka ajiandikishe. Wa tatu anajiita mlinzi, na kazi yake ni kutangaza kwamba wezi wako mlangoni na yeye hawafukuzi mpaka alipwe. Mwingine kaleta karata. Ukimsukuma huyu, anatokea yule.

Ningewavumilia, maana nimelea wengi. Lakini mjukuu alikuwa ameitwa kwenye usaili. Kambi moja ya watalii kule Mikumi ilitaka mtu wa kupokea wageni, na bosi wake, aliyekuwa Arusha, alitaka kumwona kwa video, amwonyeshe kwenye skrini mpango wa safari aliokuwa ameutengeneza. Tangu amalize chuo alikuwa kwangu, ananisaidia kufukuza ndege kwenye mpunga Tindiga, na ndege wenyewe walishamzoea, hawaruki tena. Kazi hii alikuwa anaitaka mpaka anaiota.

Alipofanya mazoezi ya video na mwenzake, laptopu ikaganda. Uso wake ukabaki mdomo wazi kama mtu aliyemwagikiwa uji wa moto.

"Shoga," mwenzake akamwambia kwa simu, "ukitokea hivyo watakupa kazi ya kutisha nyani."

Tukaenda Mikumi kwa fundi. Fundi ni mwanamke, kajifunga hijabu vizuri, kibanda chake kiko pembeni mwa barabara kuu, kimejaa simu zilizopasuliwa matumbo. Alinipa shikamoo yangu kabla hata hajaitazama laptopu, nikampenda.

"Hii si mbovu, bibi. Waliotengeneza wamejaza vitu vyao. Tunaipiga windo upya, ile programu inayoiendesha, windo tupu, hivi vyote vinaondoka."

"Vinaondoka vinakwenda wapi? Vimekuja na mashine. Ni vyetu."

"Bibi, ukinunua mchele ukakuta mawe, unayapika kwa sababu yalikuwa kwenye gunia?"

Nikageukia zile simu zake. Si kwamba alinishinda. Nilikuwa nafikiri.

Mjukuu akauliza kama haiwezi kurudishwa tu ilivyotoka kiwandani. Fundi akatikisa kichwa. "Ukirudisha ya kiwandani, na hao wanarudi. Wana stoo yao wameificha humo humo. Futa vyote, na stoo."

Angeifanya mwenyewe, lakini alikuwa amepigiwa simu, shangazi yake amefariki Ruhembe, na alikuwa anafunga kibanda. Akatia kila kitu kwenye flashi yake, akamwelekeza mjukuu, akasema tutamrudishia akitoka msibani.

Asubuhi iliyofuata, usaili ukiwa kesho yake, mjukuu akautuma mpango wake kwenye barua pepe usije ukapotea, akachomeka flashi.

"Una uhakika?" nikamuuliza.

"Bibi, usinisemeshe."

"Nimeuliza tu."

"Na mimi naogopa tu."

Ikafuta. Ikazima, ikawaka, ikazima tena. Mwishowe ikawaka kimya. Hakuna wa kukaribisha, hakuna mlinzi, hakuna karata. Ilikuwa kama chumba siku mpangaji mkorofi amehama na umeshapiga deki. Mjukuu akaiweka flashi mezani, akaenda kuoga huku anaimba.

Nami nikaitazama ile flashi. Kwetu, jirani akikuletea mboga kwenye bakuli, bakuli lake linarudi na mayai, au na unga, hata na chumvi. Huyu mwanamke katupatia kitu kizima, tena yuko msibani, halafu nimrudishie flashi imekwisha kazi? Nikaibeba mpaka stationery, kwa mama anayehifadhi nyimbo za kwaya yetu kwenye kompyuta yake.

"Nitilie kwaya yote."

Akachomeka. "Bibi, humu mna vitu, nafasi haitoshi. Nifute?"

"Kwani wewe bakuli huoshi? Osha!"

Akaosha.

Nilimkuta mjukuu ameinamia laptopu, haimbi tena. "Bibi, haioni waifai. Fundi alisema ikikataa, faili la waifai limo kwenye flashi. Flashi iko wapi?"

Nikampa. Akachomeka, akabonyeza. Kwaya ikaanza, sauti ya juu kabisa ikiwa yangu.

"Bibi, umefanya nini?"

"Nimeosha."

Alinifokea mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Tukampigia fundi. Mjukuu alitaka aanze na waifai pale pale, nikamnyang'anya simu. Mtu katoka kuzika, huwezi kumvamia na mafaili. Nikapokea shikamoo yake, nikampa pole, nikauliza marehemu aliugua nini, watoto wake wamefika wote, mazishi yalikwendaje. Mjukuu alikuwa anazunguka chumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Ndipo nikamweleza fundi habari za flashi.

Kisha akasema kwa sauti ya kujibana, "Ngoja nitoke nje, bibi, hapa watu wanalia." Nikamsikia akicheka huko nje mpaka akakohoa.

Akamwelekeza mjukuu achomeke simu kwenye laptopu kwa waya wa chaji, bando lipite kwenye waya. Likapita. Ila tundu la simu ya mjukuu limelegea. Usiposhikilia waya, mtandao unakata.

Kwa hiyo siku ya usaili nilikaa pembeni ya meza, nimeshika waya. Mpango ukafunguka, mjukuu akajieleza vizuri. Katikati bosi akasema, "Samahani, huo mkono ni wa nani?"

"Wa bibi yangu. Ameshikilia mtandao."

"Shikamoo bibi."

"Marahaba."

"Haya, dada. Mgeni kakuharibia kazi, kwa nia njema kabisa, na muda umekwisha. Utafanyaje?"

Mjukuu akanitupia jicho. Nikajua nimekwisha. Akamsimulia yote, flashi, stationery, kwaya. Nilitaka kusema neno, lakini kila nikijitikisa bosi anaganda jicho moja limefumba. Nikashika waya.

"Na hata sikumfokea," akasema.

Mwongo mkubwa. Nikashika waya.

Bosi alikuwa anafuta machozi. "Bibi, ni kweli uliiosha?"

"Niliiosha. Wewe mama yako alikufundisha kurudisha bakuli la watu tupu?"

"Hapana, bibi."

"Basi endeleeni."

Kazi alipata. Sasa yuko Mikumi, anapokea wageni, na nyani anawatisha vilevile bila kulipwa. Nilimpa flashi ampelekee fundi na nyimbo zake, kwa sababu mpaka leo sijaona kosa langu. Fundi akazisikiliza zote kibandani, akasema yule bibi wa sauti ya juu anawatangulia wenzake.

Mwisho wa mwezi mjukuu akaja mapumziko na flashi ileile. Fundi kaijaza kaswida, na faili la waifai juu yake. Ubavuni kabandika plasta, kaandika kwa kalamu: USIOSHE.

Nimeiweka kabatini pamoja na mabakuli, nawaza nitairudisha na nini.