Mlango wa Kusukuma Kando

Chumba cha karani wa vibarua, karibu na stesheni ya Dodoma, kilikuwa kidogo mno. Karani alipotaka kufunga mlango ilimbidi kwanza ainuke, asogeze kiti, abane tumbo ukutani, ndipo ubao upate kupita. Basi hakuufunga. Vumbi la kwetu mnalijua; ikifika saa nne karatasi zake zilikuwa nyekundu. Mdachi aliyesimamia kazi akaniita, mimi seremala wake, akaniambia nitafute dawa. Dawa gani, hakusema.

Niliipata kwa kutazama mabehewa ya mizigo, ambayo milango yake haizunguki, hukimbia ubavuni. Nikachonga mifereji miwili kwenye miti ya mninga, mmoja wa juu na mmoja wa chini, nikaipaka mafuta ya ng'ombe, nikapachika ubao kwa nje ya ukuta, chini ya baraza. Ndani pakapatikana nafasi ya kabati na kiti cha pili. Kwa nje sikuweka pete wala kitasa, ila kishimo cha kuingiza vidole vinne, maana sikutaka kitu chochote kichomoze. Niliupenda mlango ule, na sitasema uongo juu ya hilo. Karani naye aliupenda, akawa anaufunga kutwa nzima. Watu wa mjini walipiga hodi, wakausukuma kando, wakaingia.

Baba yangu alikuja bara na misafara akabaki, na mimi nilizaliwa Mpwapwa. Mke wangu alikuwa Mgogo. Nilipomwoa nilishika adabu ya kwao: mama mkwe hatazamwi usoni, hasemeshwi, na ukimwona njiani unapinda. Miaka sita sikuwahi kumkosea hata mara moja. Wakwe zangu walinisifu kwa hilo, na mimi nilijisifu zaidi yao.

Wiki ileile ya mlango, askari walikamata wanaume kijijini kwa wakwe zangu ili wapelekwe mashamba ya pwani. Miongoni mwao alikuwamo shemeji yangu, mtoto wa kiume pekee aliyebaki kwa mama yake. Zamu yake alikwisha kuimaliza kwenye reli, hakustahili kwenda tena. Mke wangu aliniambia kwamba mama yake amekwenda kwa jumbe wa kijiji kuomba barua ya kuthibitisha hivyo. Ikimfikia karani kabla treni haijaondoka, jina la shemeji litafutwa. Treni ilikuwa ya adhuhuri kesho yake.

Asubuhi nikiwa kwenye kibanda changu cha kazi nilimwona mama mkwe akifika. Mkononi alishika kijiti kilichopasuliwa ncha, barua imebanwa humo, ndivyo barua zilivyobebwa siku hizo. Mlango wa karani ulikuwa umefungwa. Kijijini kwao nyumba ikifungwa mchana, ndani mna mgonjwa au mwanamke aliyejifungua. Mgeni hapigi hodi, hukaa kando akangoja mpaka atokewe. Naye alikaa kando ya baraza, kijiti kimesimama magotini.

Nilijua desturi hiyo. Lakini nilimpa mgongo, kama ilivyonipasa, nikaendelea kupiga randa. Nilijiambia kwamba karani amekwisha kumwona, kwamba amemwambia angoje. Mara moja niliwaza kumtuma mwenzangu, tuliyekuwa tukipasua naye mbao, aende akamsukumie mlango. Alikuwa katikati ya ubao. Nikasema acha amalize, na alipomaliza tukaanza mwingine. Kila nilipokwenda kuchukua mbao nilizunguka nyuma ya jengo ili nisipite mbele yake. Asubuhi ile hakuingia mtu mwingine, kwa kuwa vibarua wote walikwisha kupelekwa stesheni, na karani alikuwa ndani akinakili orodha.

Treni ilipopiga filimbi, mama mkwe alisimama. Karani akafungua kwenda kula, akamkuta hapo, akaisoma barua wima. Ilikuwa barua halali. Alimtuma askari mbio stesheni, na askari akarudi akitembea.

Karani hakuwa mtu mbaya. Jioni alikuja kibandani kwangu, akakaa juu ya rundo la mbao.

"Angepiga hodi tu," akaniambia.

Nikamjibu kwamba ndiyo, angepiga hodi. Sikuhisi kitu. Nilingoja nihisi, kama mtu anavyongoja mguu uliokufa ganzi uamke, na haukuamka. Nilikwenda nyumbani nikalala vizuri, jambo ambalo mke wangu aliliona.

Miezi ikapita, ikaja habari kwamba shemeji amekufa kwa homa huko shambani. Aliyeileta hakujua hata siku. Wakati huo Mdachi alikwisha kuagiza milango mingine miwili ya namna ileile, nami nilikuwa nimeitengeneza, mizuri kuliko wa kwanza.

Siku ya tatu ya matanga nilikuwa nakula nyumbani kwangu, nikasikia sauti ya mama mkwe uani. Niliinuka ili nitokee nyuma, nimpishe. Hakunipa nafasi. Aliingia moja kwa moja mpaka mbele yangu, akanitazama usoni. Macho yake yalikuwa yaleyale ya mke wangu; sikuwa nalijua hilo.

"Barua uliiona?"

"Niliiona, mama."

"Mimi si mama yako."

Kisha akakaa kitako kwenye mkeka wangu, karibu kabisa, goti lake likigusa langu, kama wanavyokaa watu ambao hakuna ukwe kati yao. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni akatuona tumekaa hivyo. Aliingia chumbani kufungasha nguo zake, na mimi nikamaliza kula.