Kafuri ya Krishna

Juzi msibani nilinusa kafuri, nikajikuta nimerudi katika nyumba ya jirani yetu Banyani, kule Mkomani. Mama alikuwa amenituma kwa mkewe na bakuli la maziwa. Nikiwa ndani, mumewe akafunga mlango kwa nje na kwenda dukani, kama ilivyokuwa desturi yake, bila kujua kwamba nimo.

Nililia, nikausukuma mlango kwa bega. Yule bibi akanishika mkono, akaniketisha mbele ya Krishna, mungu wao, mtoto mdogo wa shaba aliyelazwa katika kitanda cha kubembea. Akamwekea siagi, akawasha kafuri.

"Usilie, mwanangu. Huyu naye alizaliwa gerezani," akaniambia. "Mfalme alitaka kumuua. Walinzi wakalala, makufuli yakafunguka yenyewe, baba yake akamtoa, akamvusha mto."

"Na mama yake, Bi?"

Akakivuta kile kitanda kwa uzi, polepole.

"Alibaki ndani."

Alasiri mlango ulipofunguliwa, nilichomoka mbio hadi uchochoroni. Nilipogeuka, nilimwona yule bibi amesimama kizingitini, vidole vya miguu vikiwa ukingoni kabisa, akilitazama jua.