Skochi Niliyobandua Mbele ya Watu

Kabla ya kunicheka, jueni kwamba napaka magari rangi huu mwaka wa kumi na moja, katika gereji moja hapa Kamembe, na sijawahi kuchafua hata kioo kimoja. Ndiyo maana, patroni wetu Mzee Anselme alipotangaza kustaafu, wenzangu walinikabidhi mimi zawadi yake: kigari cha mashindano cha plastiki nyeupe. Nilitakiwa kukipaka nyekundu, nikibakiza mstari mweupe katikati.

Kazi ndogo namna hiyo inataka usafi. Gazeti la kufunikia pasipopakwa nililikataa, maana wino wake hushika. Ofisini, chini ya kikombe cha patroni, nikaona karatasi nzuri iliyoandikwa upande mmoja. Sikuisoma, mimi ni fundi, si karani. Nikaikata vipande, nikageuza maandishi ndani, nikafunika mstari na vioo, nikavishika kwa skochi, ule utepe wa gundi, nikapuliza rangi.

Utamu wa kazi yetu uko kwenye kubandua. Nikaona nibandue siku ya sherehe, wote wakitazama.

Siku hiyo Mzee alisimama kuhutubia, akapapasa mifuko.

“Karatasi ya diskuru yangu iko wapi? Niliandika siku tatu muzima!”

Ili kumwokoa, nikajitokeza na kigari, nikabandua kwa madaha kile kipande kirefu cha mstari. Mzee akakipokea kipande, akaona mwandiko wake, akavaa miwani, akasoma kwa sauti:

“‘Fundi wetu wa rangi ni muntu mwaminifu, hagusi kitu ya mwengine…’”

Mzee akanitazama juu ya miwani.

“Endelea kubandua, fundi,” akaniambia. “Diskuru yangu iko murefu.”