Chungu Kidogo cha Nyama ya Paa

Imesemwa sana pale Chake Chake, na mpaka leo wapo wanaosema, kuwa Bi Radhiya binti Hamood alimsusia Msellem, muuza nyama, kwa sababu ya chama. Si kweli. Bi Radhiya hakumsusia mtu maisha yake yote. Marehemu mumewe, Mwalim Marhoun, alikuwa akizika watu wa chama hiki asubuhi na wa chama kile alasiri, na alipokufa yeye jeneza lake lilibebwa na pande zote mbili. Mjane wa mtu kama huyo hamfungii jirani mlango kwa ajili ya siasa. Lililomtoa kwa Msellem lilikuwa jambo la jikoni.

Ulikuwa mwaka wa sitini, uchaguzi unakaribia, na watu wamegawanyika hata kisimani. Huyu hanunui chumvi duka lile, yule haendi matangani kwa jirani yake. Nyumba ya Bi Radhiya pale Madungu ilikuwa na yeye mwenyewe, mkwewe Bimkubwa, shemegi yake mmoja, na binti yake Khairiya aliyekuwa ameshaposwa. Mmoja katika hao alishikwa na maumivu ya tumbo yasiyompa usingizi. Daktari akakata neno: asile shahamu. Samli basi, tui basi, na nyama ya ng'ombe iliyonona basi.

Na nyama ya Msellem sifa yake ilikuwa kunona. Bi Radhiya alijaribu kuichambua kwa kisu kidogo, akitoa mafuta uzi kwa uzi, lakini mengine yalikuwa yamelala ndani ya mnofu, na maumivu yakarudi. Samaki alipikwa kila namna, mpaka mgonjwa akawa anageuza uso akiona sahani.

"Hii si njaa tena," alisema mgonjwa. "Ni hamu ya nyama. Hamu haitibiwi kwa samaki changu."

Ndipo Bi Radhiya akamwita Silima, msasi wa Pujini, aliyetega nyavu vichakani. Paa hana shahamu. Mchana kutwa anakimbia. Walizungumza mlango wa nyuma, yeye ndani ya pazia, Silima nje na baiskeli yake.

"Kila paa utakayeniletea, uje naye na kichwa chake," alisema Bi Radhiya. "Nataka nione kisu kilipopita."

"Kwani huniamini, Bi Radhiya? Nawachinja mwenyewe, wakiwa hai."

"Nakuamini. Majirani zangu ndio siwaamini, wasije wakasema tunakula kibudu."

Silima akacheka, akaenda zake.

Siku ya kwanza Bi Radhiya aliikaanga kama alivyozoea kukaanga nyama ya ng'ombe, kwa moto mkali. Ikatoka ngumu, hata paka akaiacha. Hakukata tamaa wala hakumwuliza mtu. Alikaa mbele ya mafiga akafikiri: mnofu usio na mafuta hauna cha kuulinda na moto. Paa wa pili alimvua utando wote mweupe, akamlaza usiku kucha katika ndimu, thomu na tangawizi, kisha akampika kwa makaa machache, chungu kimefunikwa, pamoja na tungule, ukwaju na pilipili manga, nyama ikiiva kwa maji yake yenyewe. Saa zikapita. Alipofunua, mnofu ulikuwa unaachia mfupa. Mgonjwa alikula, akaomba tena, na usiku ule akalala.

Basi ikawa ndiyo desturi ya nyumba. Kwa wengine wa nyumbani samaki wakatosha, maana nani atamkalisha mgonjwa karibu na harufu ya nyama asiyoruhusiwa?

Lakini baiskeli ya Silima ilikuwa na kibendera cha chama mbele, na Msellem alikuwa mtu wa chama kingine. Watu waliona kibendera kikiingia uchochoro wa Madungu, na kapu alilokuwa akilituma Bi Radhiya halionekani tena kwenye meza ya Msellem. Wakajumlisha wenyewe.

Neno lilimfikia kwa wifi yake, Mwanapili, harusi ya Khairiya ikiwa imeshakaribia.

"Tatu kasema hakanyagi hapa," alisema Mwanapili. Tatu alikuwa mke wa Msellem, na ndiye kiongozi wa wanawake waliopika katika shughuli zote za Madungu. "Kasema masufuria yenu mtapika wenyewe. Na asipokuja yeye, haji ntu."

Bi Radhiya aliendelea kuchambua mchele.

"Waambie tu kuna mgonjwa, yaishe," alisema Mwanapili.

"Nikisema mgonjwa, watataka kujua ni nani. Wasipoambiwa, watamchagua wenyewe. Unadhani watamchagua nani katika nyumba yenye mwari?"

Mwanapili alimwelewa. Posa huvunjika kwa neno dogo kuliko hilo.

"Basi utafanyaje?"

"Nitakwenda sokoni."

Wanawake wa nyumba ile hawakuwa wakienda sokoni. Asubuhi Bi Radhiya alivaa buibui, akapita njia kuu, akasimama mbele ya meza ya Msellem, watu wakiwa tele.

"Bi Radhiya," alisema Msellem bila kuinua macho. "Leo umepotea njia?"

"Njia naijua. Nataka ng'ombe wa harusi ya Khairiya, na nataka umchinje wewe."

"Nilisikia nyama yangu siku hizi haipandi Madungu."

"Ulisikia kwa nani?"

"Kwa watu."

"Watu hao hawakunituma. Nimekuja mwenyewe."

Mmanga, mpiga soga wa pale sokoni, akadakia: "Labda paa wamekwisha porini."

Watu wakacheka.

"Wapo, Mmanga," alisema Bi Radhiya. "Mkeo akitaka kujua kuwapika, namkaribisha. Nasikia kwako hata muhogo unaungua."

Kicheko kikageuka upande. Msellem mwenyewe akatabasamu, kisha akaweka kisu chini.

"Niambie kosa langu, bibi."

"Huna kosa. Wala chama chako hakijanikosea kitu. Nalisema hapa, kila mtu asikie."

"Na sababu?"

"Sababu ni ya nyumbani kwangu."

Msellem akamtazama. Mwanamke yule hakuwa ameinamisha kichwa.

"Tatu atauliza," alisema.

"Aje aulizie jikoni kwangu, kisu mkononi."

Siku ya harusi Tatu alikuja, na wanawake wote nyuma yake, wa vyama vyote viwili. Masufuria ya nyama ya Msellem yalipangwa uani, moshi umetanda, wimbo mmoja. Pembeni, juu ya makaa machache, kilikaa chungu kidogo kimefunikwa. Tatu alikizunguka, akarudi, hatimaye akainua kifuniko.

"Paa," alisema.

"Paa," alijibu Bi Radhiya.

"Wa nani?"

"Wa anayemla."

Tatu akainama, akapunguza sauti. "Shoga yangu, mimi nimeshakuja. Niambie mimi peke yangu. Nani mgonjwa humu?"

Bi Radhiya alimwondolea kifuniko mkononi polepole, akafunika chungu.

"Nyama ya mumeo iko katika masufuria yote haya, Tatu, na watu wameona. Hilo ndilo lililokuwa haki yako kulijua. La chungu hiki sikulisema sokoni, silisemi leo, na sitolisema kesho."