Beseni Nililomlowekea Bibi Harusi Miguu

Mimi ndiye niliyemharibia rafiki yangu miguu. Nimechoka kuibeba siri hii, wacheni niitue hapa.

Nina saluni ndogo mtaani Free Area. Rafiki yangu alikuwa karibu kuolewa, na zawadi yangu kwake ilikuwa kumtengeneza miguu. Nilimnyoa nywele za miguu kwa wembe mpya, kisha nikamloweka kwenye beseni la umeme, lile linalozungusha maji moto na mapovu. Maji nilichota kwenye tangi langu la mvua. Tulicheka siku hiyo, jamani!

Wiki kadhaa baadaye akatokwa na vipele chini ya magoti. Vikawa majipu. Mimi mjuaji nikamwita nimloweke tena, kwa chumvi. Beseni lile lile! Majipu yakapasuka, yakakataa kupona.

Kwa kina mchumba wake, kule Elburgon, maneno yakaanza. Mama mkwe akataka apimwe ukimwi. Akapimwa, hana. Harusi ikaahirishwa hata hivyo.

Ndipo nikafungua kichujio cha beseni, jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu nilinunue. Nywele, ngozi, utelezi wa kijani. Nikakiosha, nikanyamaza. Niliogopa kupoteza wateja.

Siku moja akaja saluni akichechemea. Daktari alikuwa amemweleza kwamba kuna vijidudu vya majini na udongoni, ni nadra vimdhuru mtu, lakini hupenya kwenye ngozi iliyopitiwa na wembe, na dawa za kawaida haziviwezi. Akamuuliza kama aliloweka miguu mahali.

"Nikamwambia si kwako," akasema. "Wewe ni msafi, nakujua."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nikamwekea chai! Akarudi kumeza dawa zile za kawaida zisizomfaa, maana daktari aliamini hakuloweka miguu popote, nami nikawa silali.

Mwishowe nilienda kwake nikamwambia yote. Alikuwa akifunga bendeji, hakuinua kichwa.

"Kwani ile siku nakutetea, ulikuwa unajua?"

Nikasema ndiyo. Akamaliza kufunga bendeji, akaniomba niende.

Alimweleza daktari, na sasa anameza dawa zinazofaa, za miezi mingi. Vidonda vinafunga, makovu yamebaki. Harusi ilifanyika, niliona picha kwa simu ya mteja. Gauni lilifika chini kabisa.

Wenzangu wa saluni, fungueni vichujio, sugueni mabeseni, msimloweke mtu mliyemnyoa. Na ukigundua kosa lako, sema siku hiyo hiyo, kabla mtu hajaanza kukutetea.