Siku Mama Alileta Mursik kwa Mkutano wa Klabu

Wacha niwaambie mwenyewe kabla hamjasikia kutoka Turbo, kwa sababu kule wameongeza chumvi mpaka wanasema nilizirai: mimi Kibet, fundi wa stima, mwanaume mzima wa miaka arobaini na moja ambaye bado hajaoa (tafadhali msinianze), niliita mkutano wa klabu ukageuka sherehe ya uchumba, na bibi harusi alikuwa nyanya ya watu.

Tuko na klabu ndogo ya kujitolea hapa Eldoret. Tunapanda miti, tunapaka shule rangi, na wakati huo tulikuwa tunawekea shule moja ya Turbo tangi ya maji, hata nguzo za kuibeba tulikuwa tumemaliza. Shida ilikuwa wanachama. Huyu anahama, yule anachoka, mpaka tukabaki tisa. Ofisi kubwa ikatuambia mgeni wao akija atupate angalau kumi na tano, la sivyo klabu inafungwa na ile tangi inapelekwa kwingine. Mwenyekiti wetu, Madam Ruth, akaniambia, "Kibet, kazi ya kutafuta watu ni yako. Waambie ukweli tu, watakuja."

Ukweli! Huo ukweli nilikuwa nimeujaribu miezi mitatu. Ukitaja klabu, nusu ya watu wanafikiria disko, nusu ingine wanafikiria mchango, wanazima simu. Kwa hivyo nilipoandika ujumbe wa mwaliko nikatoa kalaini kamoja tu, kale kalikuwa kanasema ni mkutano wa klabu, nikawatumia jamaa na marafiki wote: "Nina habari njema. Njooni Jumamosi saa nane, Elgon View, kwa Madam Ruth. Kuna mtu muhimu nataka mumjue. Vaeni vizuri." Haki nilijipongeza sana, nikaona leo nimetumia akili.

Jumamosi mgeni akafika mapema, Madam Florence, mama wa heshima wa miaka kama sitini, kitenge kipya na kilemba juu. Nimekaa naye kwa hema namweleza habari ya miti, nikasikia vigelegele kwa geti. Kuangalia, Mama yangu ndiye huyo mbele, nyuma yake ni senge, yaani dada ya marehemu baba, halafu pasta, halafu wamama wa kanisa wote wamevaa sare (walishona lini, mimi sijui), na Mama amekumbatia kibuyu cha mursik, yale maziwa lala yetu ya kukaribisha watu wa maana. Hapo ndipo nilielewa walichoelewa: Kibet amepata mchumba.

Mama akaona mwanamke amekaa kando yangu, akamwendea moja kwa moja, akamkumbatia huku machozi yanatoka. "Asante Mungu, nimengoja sana!" Madam Florence akadhani ndivyo tunapokea viongozi (na si uongo, hata mwanariadha akishinda huko majuu akirudi tunampa mursik), akamaliza kikombe, akacheza na wamama. Ningesema wakati huo mambo yangeisha. Nilifungua mdomo, ikatoka, "Karibuni chai."

Senge akavuta kiti. "Na kwenu ni wapi, mama?"

"Nakuru."

"Wazazi wako hai?"

"Mama yuko. Ana miaka themanini na tano."

Senge akapiga hesabu kwa kichwa, akaninong'oneza kwa sauti iliyofika barabarani, "Ni mkubwa kidogo, lakini ana afya. Sisi tumekubali."

Kabla sijajibu pasta alikuwa amesimama, macho amefunga. "Bwana, bariki hawa wawili, na ufungue tumbo la dada yetu!"

Madam Florence akafungua macho. "Tumbo la nani?"

Woi. Ikabidi niseme yote mbele ya watu: klabu, wanachama tisa, tangi, kale kalaini nilitoa. Niliona aibu mpaka masikio yakachemka, na uchungu zaidi ni vile Mama alikuwa ananiangalia.

"Kwa hivyo hakuna bibi?"

"Hakuna, Mama."

Akauliza, "Na tangi ni ya shule gani?" Nikamtajia. "Ile watoto wanaenda na mitungi ya maji kutoka nyumbani?"

"Ndiyo hiyo."

Wakati huo Madam Florence alikuwa ameanza kucheka, akacheka mpaka kilemba kikaanguka, na wamama wakamfuata, hata pasta. Mama akaweka kibuyu kwa meza. "Leteni hizo fomu. Sikupiga hii nguo pasi bure."

Walijiandikisha kumi na mmoja! Tangi iko Turbo saa hii, imejaa. Lakini mimi nimeapa, siku hizi nikialika mtu naandika neno klabu la kwanza kabisa kwa herufi kubwa, akikimbia akimbie. Kwa sababu ile fomu ina mahali pa kujaza sababu ya kujiunga, na wengine waliandika maji, wakaandika jamii, lakini Mama aliandika, "Namtafutia Kibet bibi." Madam Florence akaisoma kwa sauti mbele ya wote, akachukua kalamu, akaandika chini yake: imekubaliwa.